Mawe kwa Mwendo Wangu

Mwaka ule tulikula mahindi ya manjano. Ukimuuliza mtu wa Kivaa wa rika langu ulikuwa mwaka gani, hatakupa namba. Atakwambia ni ule wa manjano ya pili, maana manjano ya kwanza yalikuja zamani nikiwa msichana, na haya ya pili yalikuja mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya ile mvua kubwa iliyobeba madaraja kisha ikatuachia jua peke yake. Yalikuja kwa magunia, yakinuka kama chumba kilichofungwa muda mrefu, na wadudu wakitembea ndani bila haraka. Ukiyatwanga upate muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, ganda halitoki. Unatwanga mpaka kwapa zinalia, unapepeta, unakuta ganda bado limeshikilia punje kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Ugali wake ulikuwa na utamu kidogo, utamu wa kuudhi, na watoto waliuita keki ya serikali. Tuliula kwa majani ya kunde yaliyokaushwa, majani yakaisha tukala kwa chumvi, na nyama tulikuwa tunaisikia kwa redio.

Hayo mahindi hayakuwa ya bure. Yalikuwa ya mwethya. Mwethya kwetu ni watu wa kufanya kazi pamoja: leo tuko kwako, kesho tuko kwangu, na asiyeenda kwa mwenzake haendewi. Mwaka ule mwethya wetu ulipewa kazi ya kujenga silanga ya mchanga, yaani ukuta wa mawe na simiti unaokatiza mto mkavu, ili mvua ikija mchanga ujae nyuma yake, na maji yalale ndani ya mchanga yasinywewe na jua. Uliyefanya kazi unapimiwa mahindi. Na ukuta ukiisha, mwethya ungepanda kwenye mashamba ya wanachama, moja baada ya lingine, kuchimba mitaro ya kuzuia udongo. Shamba langu lilikuwa mteremko mtupu. Kila mvua ilichukua udongo wangu ikampelekea jirani wa chini, na huyo jirani alikuwa akinisalimia kwa mzaha, "Asante kwa mbolea." Kwa hiyo usidhani nilikuwa natafuta sifa. Nilikuwa natafuta mitaro kabla udongo haujaisha wote nikabaki kulima mwamba, na mume wangu alikuwa upande wa Kinanie akivunja mawe ya kujengea watu wengine, anakuja mwisho wa mwezi, analala, anaenda.

Haya yote yamenirudia kwa sababu mwezi uliopita tumemzika Kalondu. Kalondu ndiye alikuwa mwenyekiti wa mwethya wetu. Mwanamke mfupi, shingo nene, filimbi imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu, na sauti ambayo punda walikuwa wakiisikia wanasimama wenyewe. Nilipomwona kwenye sanduku, amefungwa kitambaa cheupe, midomo imefumba, jambo la kwanza nililofikiria ni kwamba filimbi iko wapi. Sikulia. Nililia baadaye, nyumbani, nikichambua mboga. Mtu aliyekupiga vita vizuri ukiwa na nguvu zako humlilii mbele za watu.

Kazi ilianza asubuhi kabla jua halijashika. Hakuna aliyekula. Hiyo ilikuwa desturi: mwethya hula pamoja, chungu kimoja, mchana, kazi ikiwa imeonekana. Anayekula kwake kabla ya kuja ni mchoyo, anakula akificha wenzake. Kalondu alitugawanya mistari miwili, anapuliza filimbi, na mistari inakimbia kwenda kwenye mawe ya kilimani, kila mmoja anajaza kiondo chake, anaweka ukanda kwenye paji la uso kama mama zetu walivyobeba, na kuteremka mbio mpaka mtoni, kuona ni mstari upi utamaliza mbele. Na wimbo. Wimbo ndio ulikuwa mjeledi. Anayeanzisha akiharakisha, miguu yote inaharakisha, huwezi kubaki nyuma ya wimbo kama vile mkia hauwezi kubaki nyuma ya nyoka. Nilipenda. Niseme ukweli, nilipenda sana. Nilikuwa na mtoto mmoja tu, mwili ulikuwa bado wangu, na nilikuwa najua nina miguu mizuri.

Siku ya kwanza kichwa kiliponijia nilikuwa nyuma ya Nduku, rafiki yangu, tukipanda tena kuchukua mawe mengine. Nduku aligeuka kuniambia neno, nikamwona ana jicho moja. Upande wa pili wa uso wake hapakuwa na uso, palikuwa na mng'aro unaotetemeka, wenye meno kama msumeno, kama bati jipya likipigwa na jua. Nikafikiri ni jasho. Nikapangusa. Mng'aro ukapanuka. Vidole vya mkono vikaanza kufa ganzi, nikajaribu kusema "Nduku ngoja" na ulimi ukaleta neno lingine. Halafu mng'aro ukaondoka, nikashukuru Mungu, nikabeba mawe yangu nikateremka mbio kuufikia wimbo. Hapo ndipo mtu akaanza kutwanga. Nasema kutwanga kwa sababu sina neno lingine: mchi ulikuwa unapanda na kushuka nyuma ya jicho langu la kushoto, pole kwanza, kisha kwa hasira, kama anayetwanga yale mahindi ya manjano na ganda limekataa. Nilitapika kwenye mchanga, mbele ya fundi wa ukuta. Sikuwa na kitu tumboni, yakatoka maji ya kijani.

Wanawake walifurahi. Walisema ni mimba. Nduku alinifunga leso kichwani, akaikaza mpaka nyusi zikapanda, akanipeleka nyumbani, na njiani kila tuliyekutana naye alisema, "Hongera, mama Mutua." Mwezi ukaenda, ikaonekana si mimba, na kichwa kikanirudia kila tulipokimbia na mawe. Hapo hongera zikaisha.

Chumba changu kilikuwa na dirisha dogo la mbao. Mama mkwe wangu, Syombua, aliziba nyufa zake kwa gunia la msaada, lile lenye maandishi ya bluu, maana hata uzi mmoja wa mwanga ulikuwa unaniingia jichoni kama mwiba. Nililala hapo mchana kutwa, karai karibu na uso, nikinusa lile gunia. Mpaka leo nikinusa gunia la mahindi, jicho la kushoto linajifunga lenyewe. Na jikoni kulikuwa karibu, ukuta wa udongo kati yetu, na watu hudhani mgonjwa wa kichwa amekuwa kiziwi.

"Hii kichwa yake iko na akili," nilimsikia Kalondu akisema siku moja. Alikuwa amekuja kunitazama na hakuingia kunitazama. Alikuwa anakunywa uji wetu. "Akishika jiwe, inauma. Akishika sufuria, imepona."

"Anatapika, Kalondu," mama mkwe akasema. "Mimi ndiye namwaga."

"Hata paka anatapika. Mwaitu, mama yangu, sisemi ni mwongo. Nasema watu wanauliza. Mwingine anaumwa na mgongo, amekuja. Mwingine ananyonyesha, amekuja. Wako ana kichwa. Ni nani hapa alikuja bila kichwa?"

Wanawake wengine walicheka. Waliokuwa pamoja naye jikoni walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Nilijifunika shuka, nikacheka na mimi, maana ilikuwa nzuri, halafu kucheka kukaniumiza nikashika karai. Kutoka siku hiyo waliniita Waziri. Waziri hufika kwenye mradi, hushika jiwe moja, hupigwa picha, huondoka. Nikitokea mtoni mtu anasema, "Simameni, Waziri amefika," na fundi anavua kofia.

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa kanisa. Alikuwa anapanga maua madhabahuni, au siku zile za kiangazi, matawi. Lakini alinipenda, na mtu akimpenda mgonjwa hana dini moja. Alisikia kwamba kuvuka mto kuna bibi wazee wanaopiga kilumi, ile ngoma ya zamani ya kutuliza mapepo, na Alhamisi moja mchana akaniambia nifunge leso tunaenda kumsalimia shangazi yake. Shangazi alikuwa na ngoma ndefu katikati ya mapaja. Walikuwa bibi wanne wamekaa, na nafasi katikati imefagiliwa, na mama mkwe wangu amejitanda shuka mpaka puani ili Mungu asimtambue.

"Ingia ucheze," shangazi akaniambia. "Ukicheza, hicho kitu kitaona haya, kitatoka."

"Nicheze mpaka saa ngapi?"

"Mpaka kitoke. Wewe una haraka ya kwenda wapi?"

Sasa wewe unayesoma umeshaona. Mtu ambaye ugonjwa wake huletwa na kutoka jasho, wamempeleka kutibiwa kwa jasho. Lakini siku ile hakuna aliyekuwa amejua hivyo, hata mimi. Nikacheza. Kilumi si ngoma ya kutikisa kidole, ni mabega, ni shingo, vumbi linapanda mpaka magoti, na zile ngoma huharakisha kama zinafukuzwa. Nilicheza vizuri. Bibi mmoja alisema, "Huyu mapepo yake ni ya zamani, yanajua hatua." Halafu likaja lile bati linalong'aa, ngoma ikapoteza nusu, shangazi akabaki na mkono mmoja, nikaanguka magoti nikatapikia karibu na ghala lake. Bibi wote wakapiga vigelegele. "Limetoka! Angalieni, limetoka!" Mama mkwe wangu akalia kwa furaha. Nami nilikuwa nimeshika nguzo ya ghala, kichwa kinatwangwa, nikifikiri polepole kama mtu anayefungua fundo: nimecheza, kimekuja. Nikibeba mbio, kinakuja. Wiki iliyopita nilimkimbiza mbuzi wa jirani kutoka kwa kunde, kilikuja. Nikitwanga nimekaa, hakiji. Nikitembea kwenda Kithimani sokoni, mwendo mrefu na mzigo juu, hakiji. Nilisahau kutapika. Nilikuwa nimeona kitu.

Lakini kabla sijajua nifanye nini nacho, Kalondu aliita kikao. Tulikaa mtoni, kwenye mchanga, kando ya ukuta uliofika magotini. Alisimama na filimbi yake, akasema mambo ya simiti, mambo ya nani ameiba kamba, kisha akanitazama, na sauti ikawa ya upole, na hapo ndipo nikaogopa.

"Mama Mutua, sisi si wanyama. Mtu akiwa mgonjwa, ni mgonjwa. Tumeonelea ukae jikoni na akina susu. Uangalie chungu, upulize moto. Mahindi yako utapimiwa."

Akina susu ni mabibi. Walikuwa wamekaa kule kwenye mawe matatu, wawili hawaoni vizuri, mmoja anasinzia na mwiko mkononi. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu.

"Na mitaro yangu?" nikauliza.

Kalondu alitazama filimbi. "Mitaro inaanza na wabeba mawe. Wa jikoni watafuata, nguvu ikibaki."

Kila mtu alijua nguvu haibaki. Mvua ikianza kila mtu atakimbilia kupanda kwake, na wa jikoni watangoja mwaka mwingine, na mwaka mwingine mimi nitakuwa na mwamba. Na kuna kitu kingine ambacho sikukisema kwa kikao: ukishakaa jikoni mwa mwethya, hutoki. Unakuwa yule. Watoto wako watakuwa watoto wa yule. Nikasimama. Nikasema, "Sitakaa jikoni. Nitabeba mawe, na nitabeba kwa mwendo wangu."

"Mwendo wako," mtu akasema nyuma, "ni wa gari la serikali."

Walicheka mpaka akina susu wakauliza kuna nini. Kalondu hakucheka. Alisema, "Sawa. Lakini ukianguka tena hapa mbele ya fundi, unatoka kabisa. Si jikoni. Nyumbani. Sitaki maiti kwa ukuta wangu." Ilikuwa haki. Hata siku ile, nikiwa na hasira, nilijua alikuwa anaogopa. Mwenyekiti akifiwa na mtu kwenye kazi, kikundi kimekufa.

Nikaenda dispensari. Muuguzi aliyekuwa pale wakati huo aliitwa Bi Zainabu, mtu wa Machakos mjini, wazee wake walitoka pwani zamani na biashara ya nguo, na Kiswahili chake kilikuwa laini, sisi wa huku tukiongea mbele yake tulikuwa kama tunavunja kuni. Alinipima presha. Akanimulika macho, akanigusa shingo, akaniambia nifuate kidole chake. Kisha akaweka kalamu chini akasema, "Haya, nieleze chaanza vipi," na alinisikiliza mpaka mwisho, hata sehemu ya kilumi, hapo akajifunika mdomo kwa ushungi.

"Mwanangu, hujarogwa, wala si mvivu. Kuna vichwa vya namna hiyo. Mwili ukikurupushwa, vyaamka. Tena wewe wakimbia hujala, hujanywa, jua la utosi, na ukanda wa kiondo wakubana paji la uso. Ungekuwa ng'ombe ungeshalala chini."

Alinipa dawa ya maumivu, akaniambia niimeze mara tu nionapo ule mng'aro, nisingoje kutwangwa. Nile kabla ya kazi. Ninywe maji kila mara. Nianze taratibu, mwili upate moto kama chuma cha pasi, kidogo kidogo. Ukanda uondoke kichwani. Na akanishika mkono akasema, "Na siku kikikujia kwa kishindo, ghafla, kama umepigwa rungu, au shingo ikakakamaa, au ukazimia, hicho ni kingine. Usilale nyumbani kungoja. Njoo mbio."

"Mbio ndiyo inaniua, Bi Zainabu."

"Basi njoo umebebwa."

Alitaka pia nipumzike na mawe mwezi mzima. Nilimwambia mwezi mzima sina. Alinitazama, akaniambia nirudi kila wiki anipime, na nilirudi, na kama presha ingepanda angenikataza na ningetii. Haikupanda.

Kazi ngumu haikuwa mawe. Ilikuwa kula. Nilikuwa naamka kabla ya mama mkwe, nakaa gizani jikoni, nakula muthokoi wa jana, baridi, kwa mkono, nikitafuna kama mwizi, maana nilikuwa navunja desturi na nyumba yenyewe haikuwa na cha kuvunjia desturi. Asubuhi moja alinikuta. Alisimama mlangoni na kijinga cha moto. Nilikuwa na mdomo umejaa. Nilijua anachofikiri: njaa hii, mke wa mwanangu anakula akijificha. Nikameza, nikamwambia, "Mwaitu, nisipokula kinakuja." Aliwasha moto wake. Lakini kesho yake nilipoamka, kulikuwa na sahani imefunikwa kwa nyingine, juu yake jiwe dogo ili paka asifunue, na ndani chakula kilikuwa kingi kuliko nilichokuwa naiba. Mchana alikuwa anasema ameshiba mapema. Mimi najua ile sahani ilitoka wapi.

Na mtoni nikaanza mwendo wangu. Filimbi inapulizwa, mistari inakimbia, mimi natembea. Nilifunga ukanda wa kiondo kifuani na mabegani, mgongo ukachukua uzito, na wanawake wakasema nabeba kama punda wa Kithimani. Mzunguko wa kwanza mawe madogo. Kisha makubwa. Shida ilikuwa wimbo. Mguu wa Mkamba hauwezi kusikia wimbo ukakataa, unaruka wenyewe. Ikabidi nijiimbie wangu, kwa pumzi, ule wa kanisani wanaouimba mabibi wakitoa sadaka, mzito, wa kukokota. Kwa hiyo ukinitazama ulikuwa unaona mtu yuko katikati ya watu wanaoruka na yeye anatembea kama anazika mtu. Kwa wengine hayo yalikuwa matusi. Kutoka nje ya wimbo wa mwethya ni kama kugeuzia watu mgongo wakiomba. Nduku mwenyewe alininong'oneza, "Si ujaribu tu kuruka kidogo, hata ya uongo, watu waone." Nikamwambia ile ya uongo ndiyo inaniangusha.

Siku ya kufunga ukuta mawingu yalikuwa yamekaa upande wa mashariki, na kila mtu aliyaona. Fundi alisema mawe yasipotosha leo, mto utapita katikati ya kazi yetu. Kalondu alipuliza filimbi mpaka mate yakatoka. Hakukuwa na mistari tena, ilikuwa fujo, watu wanagongana, jua limekaa utosini na mvuke kama ndani ya sufuria. Nilikuwa ninateremka na kiondo kimejaa nilipoona, pembeni kabisa, ukucha wa ule mng'aro. Mdogo. Unatetemeka. Nikasimama pale pale. Nikatua kiondo. Kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze, sikujaribu kuushinda. Nikameza dawa, nikanywa maji, nikalowesha leso nikajifunika uso, nikakaa chini ya ukingo wa mto penye kivuli, watu wanapita juu yangu.

"Waziri amechoka kukagua," mtu akasema.

Kisha nikaona miguu ya Kalondu. Nilikuwa naijua, ilikuwa na ufa kwenye kisigino. "Umeanguka?" akauliza.

"Sijaanguka. Nimekaa."

"Tofauti ni gani?"

"Aliyeanguka unamwinua. Mimi nitasimama mwenyewe."

Miguu ilikaa pale. Nilikuwa nangoja aseme nyumbani. Mchi ulipiga, nikauhisi, ukapiga tena, nyuma ya mlango, kama mtu anayebisha nyumba ambayo wenyewe wako ndani na wameamua kutofungua. Sikulia, sikuomba. Miguu ya Kalondu ikaondoka. Nilikaa mpaka vidole vikarudi kuwa vyangu. Halafu nikasimama, nikavaa kiondo changu kifuani, nikaanza tena na mawe madogo. Na jioni, wale waliokuwa wanaruka walikuwa wamelala kwenye mchanga kama nguo zilizoanikwa, Nduku hawezi kufungua mkono, na mimi nilikuwa bado natembea. Sisemi nilibeba kuliko wote. Rundo langu lilikuwa la katikati. Lakini mawe ya mwisho kuingia kwenye ule ukuta, fundi akiwa anaita "bado, bado kidogo," niliyaleta mimi, na sikuwa nimekimbia.

Mvua ilinyesha, mto ukaja mwekundu, ukapanda ukuta, ukamwagika upande wa pili, na ukuta ukakaa. Na mvua ilipotupa nafasi, asubuhi moja nilisikia sauti zikipanda mteremko wangu. Kalondu alikuwa mbele na sururu begani. Alitazama shamba langu, akatema mate pembeni, akasema, "Waziri, hapa ulikuwa unalima nini, mawe?" Kisha akafunga kanga kiunoni, akaweka filimbi mdomoni, akaitoa. "Anzisha wimbo," akaniambia. "Huo wako wa mazishi. Hili jua ni kali."

Watu walinung'unika. Wimbo ule ni mzito, sururu inapanda nao polepole, inashuka na uzito wake wote. Lakini ilipofika mchana hakuna aliyekuwa amekaa, na wale mabibi wawili wa jikoni walikuwa wameshika majembe na wao, kwa sababu mwendo ulikuwa unawatosha. Mtaro wa kwanza waliouchimba siku ile bado uko. Wajukuu zangu hupanda ndizi ndani yake na hudhani ulikuja na shamba.

Mimi na Kalondu hatukuwahi kuongea habari ile. Alinisalimia miaka yote "Waziri," hata kanisani, hata alipokuwa ananiletea vifaranga. Kichwa hakijaniacha. Nikipanda kilima kwa hasira, kinaamka, najua mlango wake, nakaa, nakingojea kipite. Mjukuu wangu anayeitwa jina langu anakimbia shuleni, naye ana kile kile. Nimempeleka hospitali akapimwa, na sasa anatembea kuzunguka uwanja kabla ya mbio, wenzake wanamcheka, na mimi nimemwambia awaache wacheke, kucheka hakuchukui nafasi ya mtu kwenye mstari.

Siku ya mazishi, wana wa Kalondu walisema mama yao alitaka kaburi lizungushiwe mawe ya silanga, yale yaliyobaki mtoni. Wanawake wa mwethya, waliobaki na mabinti zao, wakachukua viondo. Binti mmoja wa kamati, kijana, mwenye kitambaa cheusi mkononi, akanishika kiwiko kwa heshima sana, akanielekeza upande wa moshi, kwenye sufuria kubwa na viti vya plastiki. "Susu, jua ni kali na uko na ile shida ya kichwa. Kaa tu hapa na wapishi, tutakubebea jiwe lako."

Nduku alikuwa karibu, amezeeka, mkono umepinda. Alianza kucheka kabla sijafungua mdomo. Nikafungua leso, nikaitia maji, nikaifunga kichwani. Nikachukua kiondo, nikapitisha ukanda kifuani, nikamwambia yule binti:

"Sitakaa jikoni. Nitabeba mawe, na nitabeba kwa mwendo wangu."